Ombi kwa Niaba ya Ngamia

Mawakili wenzangu huniita wakili wa punda, na sijawahi kukasirika. Nimewatetea punda wenye vidonda vya matandiko, mbwa waliofungwa juani, na safari moja kasuku aliyekuwa akiwatukana majirani. Lakini mteja wangu wa kwanza mwenye miguu minne alikuwa ngamia, na nilimpata Garissa wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga.

Tajiri wangu wa Mombasa alinipeleka huko kuwasimamia wafanyabiashara wa mifugo waliokuwa wakivutana na serikali. Nilifika na msafara wa malori ya jeshi, nimevaa suti nyeusi ya sufu, katika joto lile! Mji mzima ulinicheka, na mimi ningecheka pia lau nisingekuwa ndani ya suti hiyo. Sheria ya hali ya hatari niliikuta fupi sana: askari akikushuku unawekwa ndani, na mahakama haina ruhusa ya kuuliza kwa nini. Wakili wa kazi gani basi? Nikawa nakunywa chai mchana kutwa.

Siku moja akaja mama mmoja, mke wa mfugaji, uso mkavu, hana salamu ndefu.

"Walaal," aliniita, yaani ndugu, "bwana yangu ameshikwa kwa njia ya Liboi. Ngamia pia ameshikwa. Ndama yake amekufa kwa njia. Sasa maziwa imejaa, ngamia analia, watoto yangu wanalia. Hiyo ngamia ndio chakula yetu."

Nikaenda kuangalia. Mumewe alikuwa mahabusu, na ngamia alikuwa bomani nyuma ya kituo hichohicho cha polisi, kiwele kimevimba hadi kinang'aa. Askari mmoja alikuwa amejaribu kumkamua akala teke, sasa anachechemea. Kwa mume sikuwa na la kufanya. Kwa ngamia nilikuwa nalo, maana sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama haikusema popote kwamba inalala wakati wa vita.

Hakimu wetu alikuwa mzee mkali aliyekuja mahakamani na mbwa wake. Mbwa alilala chini ya meza, na aliletewa maji kabla ya mawakili. Nikaona hapo pana tumaini. Nilieleza maumivu ya ngamia kwa Kiingereza changu chote cha chuoni, nikamalizia kwa kuomba mama huyu aruhusiwe kuingia bomani kumkamua.

Mkalimani alipomfasiria, mama aliruka kutoka kwenye benchi.

"Mimi? Mwanamke akamue ngamia? Astaghfirullah!"

Wazee waliokuja kusikiliza kesi walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa watu wa kule, mwanamke hukamua mbuzi na ng'ombe. Ngamia hukamuliwa na wanaume tu. Mimi mtoto wa pwani, niliyezoea maziwa ya chupa, ningelijulia wapi?

"Basi nani atakamua?" hakimu aliuliza.

"Ndugu yake wote wamehama na wanyama," alisema mama. "Watoto yangu ni kidogo. Ako mtu moja tu." Akanyoosha mkono dirishani, kuelekea mahabusu.

Mkuu wa kituo alifoka kwamba mtu wa hali ya hatari hatolewi. Hakimu alimtazama mbwa wake, kisha akaamuru atolewe asubuhi na jioni, chini ya ulinzi, amkamue ngamia arudi ndani.

Siku ya kwanza nilikwenda kuona. Alitoka mtu mrefu, mwembamba, akipepesa macho kwa mwanga. Mkewe alimpa kipande cha ngozi ya ndama aliyekufa. Mume akampa ngamia ainuse, adhani ndama wake yupo, akamwimbia polepole, akasimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya paja, akaanza. Ngamia akatulia. Watoto walikunywa palepale kwenye ua, na yule askari mwenye teke lake akapewa kikombe. Mahabusu hakuruhusiwa kusema na mkewe, basi mke alisimama kando akimpa ngamia habari zote za nyumbani kwa Kisomali, na mume akimjibia ngamia. Mkuu wa kituo hakukuta sheria inayomkataza mtu kusema na ngamia. Niliona raha siku zile, sifichi.

Kisha ikaja amri kwamba mahabusu wote wapelekwe jela ya mbali, bara. Nilimkumbusha mkuu wa kituo agizo la mahakama. Naye hakuwa mjinga. Alifungua lango la boma, akampa mama kamba. "Ngamia wenu huyo. Ombi lako limekwisha, wakili."

Nilikimbia na ile suti hadi mahakamani. Kama mume angepanda lori, watoto wale wangekuwa na ngamia na wasiwe na maziwa, na yeye hakuna aliyejua angerudi lini, au kama angerudi. Nikafungua mashtaka dhidi ya mteja wangu mwenyewe: kwamba yeye, mwenye ngamia, alimwacha mnyama wake aumwe bila kumkamua siku zile za kwanza za mahabusu.

"Unamshtaki mteja wako?" hakimu aliuliza.

"Ndiyo, mheshimiwa. Naomba apewe adhabu kali."

Mshtakiwa alikiri kabla mkalimani hajafunga mdomo. Hakimu alimhukumu kumhudumia ngamia wake kila siku, akilala kwake na bila kutoka wilayani, mpaka maziwa yatakapokatika. Na mtu anayetumikia hukumu ya mahakama, akasema, yuko mikononi mwa mahakama, si mwa kituo. Mkuu wa kituo alichukua kofia yake akatoka bila kuaga.

Wazee walinipongeza, mmoja akanibusu mkono. Nikamwendea mteja wangu nikitegemea shukrani, na kweli alinishukuru kwa heshima zote. Kisha akauliza, kwa upole tu:

"Wakili, wote mmeuliza ngamia anaumwa wapi. Hakuna mtu ameniuliza mimi nimekosa nini. Nimekosa nini?"

Nilimwambia kweli, kwamba sheria haikuniruhusu kuuliza. Alitikisa kichwa, akaenda kukamua. Nilikuwa nimeshinda kesi, na nilibaki pale mlangoni nimejaa aibu.