Begonia ya Mama Katika Bakuli la Buluu

Juma lililopita nilikwenda kumtembelea binti yangu, nikanyanyua chungu cha maua kilichokuwa dirishani ili nifute vumbi. Harufu iliyotoka chini yake ilinifanya nitafute kiti. Ilikuwa harufu ya udongo ulioshiba maji mpaka ukachacha, kama mihogo iliyorowekwa kwenye ndoo ikasahauliwa. Binti yangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ila kwa sasa nina miaka tisa. Alicheka, akadhani ni mzaha wa kizee.

Nilipokuwa na miaka tisa mji wetu wa migodi ulikuwa bado unaitwa kwa jina la kikoloni, Elisabethville. Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi, na Baba alifanya kazi ya usiku kwenye tanuru za shaba. Mama alikuwa akifua nguo kwa Madame mmoja wa Kizungu mjini, na huyo ndiye aliyempa kipande cha begonia yenye majani mapana, kijani juu na rangi ya divai chini. Mama aliipanda katika kopo la siagi alilolitoboa kwa msumari. Mimi nilidhani kopo lenyewe lilikuwa bovu kwa matundu yale, na kwamba Mama, kwa wema wake, hakutaka kulitupa.

Mama alikufa mwanzoni mwa kiangazi, kwa homa ya siku nne. Ndugu walikuja kutoka kwetu Mitwaba, mbali kwa lori, wakalia, wakala, wakarudi kwao. Alibaki shangazi yangu Veronika, dada yake Baba, mwanamke mwenye haraka aliyefagia nyumba kama anayefukuza kitu. Baba alilala mchana, kwa hiyo mchana wote nyumba ilitakiwa kunyamaza. Nilijifunza kufunga mlango bila mlango kujua. Nilijifunza kucheka kwa pua. Baadaye sikuwa tena na cha kuchekea.

Siku moja, nikiwa nyuma ya ukuta napepeta mchele, nilimsikia shangazi akisema na Baba, aliyemwita Yaya kwa kuwa ni kaka yake mkubwa.

"Yaya, huyu mutoto atabakia na nani? We unatumika bushiku, muchana unalala. Acha nimupeleke Mitwaba."

Baba alijibu neno moja tu: "Tutaona."

Katika neno lile nilisikia mtihani. Nilijiambia kwamba nikiweza kutunza kitu alichoacha Mama, wataona kuwa naweza kutunza nyumba, na hawatanipeleka popote. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, nikaamini kama katekisimu.

Jumamosi moja Baba alirudi na bakuli la buluu, lenye rangi ya kung'aa na weupe ndani. Aliihamisha begonia kwa mikono yake mwenyewe, akalitupa lile kopo la siagi, akaliweka bakuli dirishani na kurudi nyuma hatua mbili kulitazama. Tangu mazishi, ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitazama kitu mpaka mwisho.

Basi nikaanza kazi yangu. Nilimwagilia asubuhi, nikamwagilia mchana, na jioni, na kila nilipokosa mtu wa kuzungumza naye nilichukua kikombe nikaenda bombani. Majani yakaanza kuwa manjano. Nikafikiri ni kiu, nikaongeza maji. Yaliyoanguka niliyaficha ndani ya kitabu cha sala, mpaka kikanenepa kikakataa kufunga. Shina lilipoinama, nililifunga kwenye kijiti kwa kamba ya kiatu cha Baba. Alikwenda kazini kiatu kimoja kimefungwa kwa uzi wa gunia, wala hakuuliza.

Asubuhi moja nililigusa shina likabonyea kama ndizi iliyooza. Nililibeba bakuli kifuani, nikavuka barabara mpaka kwa Mama Mwamini. Alikuwa mke wa fundi wa mabati, wote wawili Waislamu kutoka Maniema, na baraza yao ilijaa maua katika makopo ya kila namna. Nilikuwa nikiyatazama kila siku nikienda shule, lakini sikuwahi kuingia.

"Umebeba nini, mutoto?"

"Maua ya mama yangu. Iko na kiu. Naipa maji, lakini haina kupona."

Aliinusa kabla ya kuitazama. "Unamwangaka maji mara ngapi?"

"Asubui, muchana na mangaribi. Siku ya Mungu, naongeza moya."

Nilimwona akiuma mdomo asicheke. "Hii haiko na kiu," alisema. "Iko nazama. Bakuli haina tundu, maji itapita wapi? Mizizi nayo inapumuaka."

Aliupindua mmea, udongo ukatoka mzima, mweusi na wenye harufu ile. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiivuta ganda lake linateleza na kutoka. Alichukua wembe, akakata yote iliyooza, akakata na shina hadi penye ugumu. Ilibaki mizizi mitatu tu, myeupe kama uzi wa kushonea. Nilianza kulia.

"Maua haina kikohozi, mutoto," alisema huku akipaka unga wa makaa penye majeraha. "Ikiugua inanyamaza tu. Ni weye utafuta alama."

Mumewe alitoboa kopo la maziwa matundu matano bila kuinua macho. Mama Mwamini akafunika matundu kwa vigae ili udongo usitoroke, akachanganya mchanga mnene, makaa yaliyopondwa na majani yaliyooza vizuri. Akanifundisha kulisimamisha kopo juu ya mawe mawili ili maji yapate njia, na kutia kidole udongoni mpaka pingili ya pili kabla ya kumwagilia: ukikuta ubichi, weka kikombe chini, nenda kacheze. Kisha akanipa chai ya tangawizi, akaniuliza Mama alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilizungumza mpaka chai ikapoa.

Niliporudi, Baba alikuwa ameamka, amekaa akitazama dirisha tupu. Nilimweleza yote. Alilichukua bakuli, akapitisha kidole gumba chini yake, pole pole, kama anayetafuta tundu lililojificha.

"Basi ni miye," alisema.

"Hapana, Baba, ni miye niliyemwaga maji."

"Ni miye," akarudia, akatoka nje. Nilijua amekasirika.

Wiki ya tatu likachipuka jani jipya, dogo kama ukucha. Niliita watu wote wawili wa nyumba ile waje kuliona. Shangazi alisema ni zuri. Baba aliinama akalitazama muda mrefu. Nikalala nikiwa nimefaulu.

Kesho yake shangazi alifunga nguo zangu.

Begonia niliiacha kwa Mama Mwamini. Kwenye lori la Mitwaba, Baba aliniambia, "Umusikilize shangazi," akarudi nyuma hatua mbili. Njia nzima nilihesabu makosa. Jani lilichelewa. Lilikuwa dogo mno. Kwa miaka saba Baba alituma sukari na kitambaa kupitia madereva wa malori, barua hapana, kwani hakujua kuandika. Nilivaa vile vitambaa bila furaha. Nilijua baba anayemtoa mtoto wake nyumbani amemalizana naye.

Nilirudi nikiwa na miaka kumi na sita, kwa matanga yake. Kifua ndicho kilichomchukua. Mama Mwamini, mvi zimemjaa, alinishika mkono akaniketisha barazani.

"Baba yako alikuwa anakuya apa kila siku ya Mungu, akitoka misa," alisema. "Anakaa tu. Kisha ananiuliza: Mama, nimurudishe mutoto? Muchana nalala, nani atamuangalia? Miye namwambia, ngoja kidogo, akomae. Anasema ndiyo. Wiki ingine anarudi, anauliza tena ile ile."

Nimelea watoto watano tangu siku ile, na kila mmoja nimewahi kumfungia nguo akaenda mbali. Sasa najua kilichokuwa katika lile "tutaona". Wakati ule sikujua. Kule Mitwaba nilikuwa nikikaa kando ya barabara siku za malori, nikiamini kwamba hakuna anayeniulizia, kumbe kila Jumapili mtu mzima alivuka barabara kwenda kuniulizia kwa jirani, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.