Waringa na Tuzo ya Imani

Wateja wa Waringa walizoea kumkuta ameinamia cherehani, simu yake imeegemezwa kwenye kikopo cha vifungo. Anashona pindo la sare ya shule, anasimama, anaandika maneno mawili matatu kwenye simu, kisha anarudi kwa pindo lake. Wengi walidhani anachati. Kumbe alikuwa anagombana na Mungu.

Alikuja Isiolo kutoka Nyeri akiwa bi harusi, akimfuata mumewe Mbugua, daktari wa mifugo wa serikali. Mbugua alifariki akirudi kutoka Kulamawe kuchanja ngamia. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, na laga, mto mkavu uliokuwa mchanga mtupu asubuhi, ikashuka na maji jioni, ikabeba gari na yeye ndani. Kanisani walimwambia Waringa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hakupiga goti tena. Jumapili aliendelea kwenda ibadani, maana angekosekana wangekuja kumwombea nyumbani, na hilo hakulitaka.

Binti yake Wamucii, aliyekuwa akisoma chuo Meru, ndiye aliyeyaona yale maandishi. Akayapanga, akayachapisha yakawa kijitabu chembamba, *Maji Yaliyotoka Mbali*. Halafu, bila kumwambia mama yake, akakipeleka kwenye mashindano ya vitabu vya Kikristo.

Siku moja akapiga simu. "Mama, umeshinda!"

"Nimeshinda nini?"

"Tuzo! Wamesema ndicho kitabu kilichojenga imani zaidi mwaka huu."

Waringa akaondoa mguu kwenye pedali. "Imani ya nani?"

Alikisoma upya kitabu chake, akitafuta walichokiona. Ndani mlikuwa na mjane anayemuuliza Mungu kama alikuwepo pale laga, na kama alikuwepo, kwa nini hakulizuia lile gari hata kwa pancha tu. Hakuna jibu. Kitabu kinaisha mjane bado anauliza. Labda wamechanganya vitabu, aliwaza. Labda kuna Waringa mwingine.

Akaingia duka la jirani, kwa Lul, mama yake Liban, Mwislamu muuza maziwa ya ngamia, aliyemwashia jiko kila asubuhi baada ya msiba, wakati Waringa alipokuwa hawezi kuamka kitandani.

"Mama Liban, nimechanganyikiwa."

"Nimesikia. Hongera, walaal, dada yangu. Lakini mimi niko ndani ya hicho kitabu?"

"Uko. Wewe ndiye mtu mzuri pekee."

"Na Wakristo wamekipa zawadi?"

"Ndiyo."

Lul akaweka kibuyu chini. "Sasa mimi nimekuwa nini?"

Walicheka mpaka mteja akachungulia. Kisha Lul akasema, "Mama Wamucii, nenda uwaambie ukweli. Kama wamekosea, watachukua zawadi yao."

Basi Waringa akaenda Nairobi na Wamucii. Ukumbi ulijaa wachungaji, waandishi na kwaya yenye mashati ya zambarau. Alipoitwa jukwaani alikabidhiwa kibao cha kioo, na mwendesha sherehe akamwomba atoe ushuhuda.

"Mimi sina ushuhuda," alisema. "Sijaomba tangu mume wangu afariki. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Sijui mlisoma kitabu gani."

Wamucii akafunika uso. Kisha mtu nyuma akasema, "Amina!" na wote wakasimama, wakapiga makofi, wengine wakifuta machozi. Waringa akabaki amekishika kibao chake kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe.

Wakati wa chai alimtafuta jaji mmoja, mama mzee mwenye miwani.

"Mama, mmenipa kwa makosa?"

"Hapana."

"Lakini nilikuwa namlaumu Mungu. Ukurasa hadi ukurasa."

"Tuliona. Mimi pia nilimzika mwanangu." Jaji akakoroga chai yake. "Sikujua kumbe inaruhusiwa kumwambia hivyo."

"Nani ameniruhusu?" Waringa aliuliza. Lakini mama yule alikuwa ameitwa kupigwa picha.

Isiolo walimpokea kwa shangwe. Mchungaji alimwomba aongoze darasa la wajane. Akasema atafikiria, na hakusema uongo: alifikiria mpaka akashona mkono wa shati upande usiofaa. Hakujua angewaambia nini wale wajane. Mmoja wao, Tadicha, akaja dukani na suruali ya kupunguzwa kiuno. Hakutaka risiti wala kujua siku ya kuichukua.

"Nimesoma," alisema. "Nilikasirika sana. Halafu nikasoma tena."

"Ikawaje?"

"Bado nimekasirika. Lakini hiyo darasa ukianzisha, nitakuja."

Tadicha alipoondoka, Waringa alianza kufumua nyuzi za kiuno, na mdomo wake ukatangulia mawazo. "Sasa unataka niwaambie nini hawa wamama? Wewe mwenyewe hujanijibu mimi!" Alisema kwa sauti, kwa ukali, kama anavyomkaripia mchuuzi wa nyuzi mbovu. Kisha akangoja kidogo, asijue anangoja nini.

Lul akaita kutoka ng'ambo ya ukuta wa mabati. "Mama Wamucii! Unaongea na nani?"

Waringa akatazama mlangoni, akatazama cherehani.

"Wallahi, Mama Liban," alijibu, "hata mimi sijui."