Kilo Nne za Ami Bouhafs

Uwanja wetu wa ndege wa Timlalt, huku jangwani Algeria, una vyumba viwili, mlingoti wa redio, na njia moja ya lami. Kabla ya lami palikuwa na mawe matupu. Mwaka wa 1964 wanaume wa mji waliyaokota kwa mikono siku kumi na tisa, marehemu baba yangu akiwa mmoja wao. Waliyapanga kando na kuyapaka chokaa ili rubani aone njia inaishia wapi. Mawe yale yapo hadi leo. Kazi yangu ya kwanza uwanjani ilikuwa kuyapaka chokaa upya, na kufagia mchanga kila Jumatatu na Alhamisi kabla ndege ya Oran, mji wa pwani ya kaskazini, haijatua.

Aliyenitoa kwenye ufagio ni Ami Bouhafs, mpimaji wetu.

Ndege ya Oran ilikuwa ndogo, ya abiria kumi na tisa, na ndege ndogo haitaki kukisia. Kila msafiri alipimwa yeye na mzigo wake, jumla ikaandikwa kwenye karatasi, na kwa karatasi hiyo rubani alijua kama ataruka na wote au atamwacha mtu. Siku za joto kali ndege hubeba pungufu. Ami Bouhafs aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, kalamu ya risasi ikiwa imechomekwa kwenye kilemba chake.

Mizani ilikuwa ndani ya jengo, ya chuma, yenye jukwaa la kusimama na uso wa duara wenye mshale. Aliugeuza uso huo umwelekee yeye peke yake, akauzungushia kitambaa cheusi, kwa sababu kwetu uzito wa mwanamke hautajwi mbele za watu, na wanaume nao wana haya zao. Sikuwahi kumsikia akitamka namba. Aliangalia, akaandika, akasema, "Shuka, safari njema."

"Bouhafs, usiniangalie mimi, angalia mshale," Lalla Keltoum, mjane aliyesafiri kila msimu kwenda kwa wanawe, alizoea kumwambia.

"Mshale ndio unaokuangalia wewe, Lalla. Mimi nimefumba macho."

"Na huyu Haji Slimane nyuma yangu, umpime pamoja na maneno yake. Ndiyo mazito."

"Maneno yangu yanasafiri na lori," Haji Slimane alimjibu. "Yalitangulia jana."

Siku Ami Bouhafs aliponiita, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nimesoma hadi darasa la sita tu, na nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio wangu.

"Messaoud, unajua kuandika saba isiyofanana na moja?"

"Najua, Ami."

"Basi inatosha. Wenye shule nyingi wanaandika haraka mno."

Akanipa kiti upande wake wa kitambaa. Asubuhi ile ile nikaona jambo. Mshale ulionyesha sitini na tatu, yeye akaandika sitini na saba. Aliyefuata, themanini, akaandika themanini na nne. Nilivumilia mpaka watu walipokwisha.

"Ami, umezidisha nne kwa kila mtu."

"Hizo nne ni za ukuta," akasema, akaendelea kukunja karatasi.

Ilikuwa hivi. Kati ya jengo na mahali ndege inaposimama kulikuwa na ukuta wa matofali ya udongo, urefu wake hadi kifuani. Ndugu walimuaga msafiri ndani ya jengo, kisha wakazunguka nje na kusimama ukutani. Kwetu zawadi ya safari haitolewi nyumbani. Hutolewa mwisho kabisa, mtu akiwa ameshaaga na ameshageuka, ili asipate nafasi ya kukataa. Na mtoaji hasemi ametoa nini wala kiasi gani. Anayeitaja zawadi yake anahesabiwa kama ameirudisha. Kwa hiyo vifurushi vya tende na samli vilipita juu ya ukuta, vikaingia chini ya mashuka ya wanawake na kwenye mikono mipana ya kanzu, wakati wameshaipita mizani. Hakuna aliyeona kosa. Mzigo ni kile ulichofunga nyumbani, na zawadi si mzigo. Ami Bouhafs hakutaka kumwaibisha mtu, akawa anaongeza nne kwa kila kichwa, kimya kimya, miaka yote hiyo. Na zilikuwa zinatosha.

Mwaka wake wa mwisho, alipobakiza miezi miwili kustaafu, zile nne hazikutosha. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, katikati ya kukata tende. Dhoruba ya mchanga ilikuwa imezuia ndege wiki tatu, na kila nyumba ilikuwa na tende mpya zinazongoja kwenda kaskazini. Alhamisi ilipotulia wakasafiri watu kumi na saba, adhuhuri, jua likiwaka. Ukutani palijaa. Mimi mwenyewe nilitoka mara moja nikampa Lalla Keltoum kikapu, ampelekee dada yangu aliyekuwa amejifungua Oran.

Ndege ilikimbia mpaka ikapita pale inapoinukia siku zote, na haikuinuka. Rubani wetu, Redouane, akashika breki. Ikapita mawe meupe ya mwisho, ikazama magurudumu mchangani hatua thelathini mbele. Namshukuru Mungu kila nikikumbuka, maana hakuna aliyeumia hata kidole. Abiria walishuka, wakajitwika vifurushi vyao, wakakata mchanga kwenda nyumbani huku wakilalamikia viatu. Mkuu wa uwanja, tuliyemwita Si Tayeb, yaani Bwana Tayeb, alipokumbuka kwamba ingefaa kuwapima tena, hakukuwa na wa kupimwa.

Jumapili akaja mkaguzi kutoka Algiers, mama mmoja mwenye miwani, Bi Houria. Hakupandisha sauti hata mara moja. Aliijaribu mizani kwa vyuma alivyokuja navyo, akaikuta sawa. Kisha akawaita wale abiria kumi na saba na mizigo waliyokuwa wameipimisha, akawapima nyuma ya kitambaa, mmoja mmoja, akilinganisha na karatasi ya Alhamisi. Alipomaliza alivua miwani.

"Mzee, watu wote hawa umewazidishia kilo nne. Si tatu wala tano. Kwa nini?"

Ami Bouhafs alichomoa kalamu kwenye kilemba, akaiangalia ncha yake.

"Karatasi yako imezidisha, na bado ndege ilikuwa nzito kuliko karatasi. Mimi sielewi. Usiponieleza, nitaandika kwamba namba zilibuniwa. Nikiandika hivyo unaondoka kazini bila pensheni, na ndege hii itasimama sijui mpaka lini."

"Andika unachokiona, binti yangu," akasema, akatoka nje.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa juu ya jiwe moja la chokaa, anasafisha kalamu yake kwa ukucha.

"Ami, mwambie habari ya ukuta."

"Nimwambie nani alimpa nani? Niwataje watu na vifurushi vyao mbele ya Si Tayeb, kama karani wa soko?"

"Watakufukuza."

"Watafukuza mtu mmoja. Nenda kampikie mgeni chai."

Nikapika. Chai ile nadhani haikuwa nzuri. Nilipoingia na sinia, chumba kilikuwa kimejaa abiria na ndugu zao, kila mmoja anaangalia sakafu. Wote walijua. Niliwaza kiti alichonipa Ami upande wake wa kitambaa, na jinsi wanangu walivyokula kwa kiti kile. Nikaweka sinia chini.

"Nilimpa Lalla Keltoum kilo tisa," nikasema.

Lalla Keltoum alivuta shuka lake usoni.

"Messaoud, una homa?" akaniuliza chini ya shuka.

"Kilo tisa za tende, ndani ya kikapu. Juu ya ukuta, baada ya mizani. Ami huongeza nne kwa ajili ya ukuta, na safari hii mimi peke yangu nilipitisha tisa."

Bi Houria akavaa miwani. "Ukuta gani?"

Nikamwonyesha kwa dirisha. Nilikuwa nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile ilikuwa kama kusimama sokoni bila nguo. Mama yangu mdogo, aliyekuwa karibu na mlango, aligeuza uso asinione. Kisha nikamsikia Lalla Keltoum akipumua kwa nguvu.

"Kama ni kuvuana nguo, tuvuane wote," akasema. "Tisa za huyu. Sita za jirani yangu. Na samli ya wifi yangu, kibuyu kizima, andika tatu. Andika, mwanangu, kabla sijabadilisha mawazo."

Bi Houria akaanza kuandika.

"Mimi," Haji Slimane akakohoa, "nilipewa mguu wa ngamia. Mkavu."

"Mguu mzima?" Lalla Keltoum akauliza.

"Wa ngamia mdogo."

"Na ulituambia ni fimbo yako ya kutembelea."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikatufungulia njia. Wakaja mmoja baada ya mwingine, waliotoa na waliopewa, wanasema kwa sauti ndogo huku wanaangalia pembeni. Ami Bouhafs alikuwa amerudi, amesimama kwenye kona, uso ameuelekeza ukutani kama mtu aliyewafuma watu wakioga. Jumla ilifika kilo mia mbili na thelathini. Nne za kila kichwa zilikuwa sitini na nane tu.

Bi Houria aliipigia ile namba mstari. Akanywa glasi ya pili ya chai.

"Miaka thelathini na moja," akamwambia Ami Bouhafs, "umekuwa ukibeba kosa la ukuta kwenye kalamu yako. Ungemwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Nao walikuwa wanatoa kwa moyo."

Aliandika kwamba kosa lilikuwa mahali mizani iliposimama, na akaagiza ihamishwe ng'ambo ya ukuta, karibu na ngazi ya ndege. Pensheni ikapona. Ndege ikarudi baada ya siku kumi na moja. Ami Bouhafs aliomba jambo moja tu, kitambaa cheusi kihame pamoja na mizani, na akakubaliwa.

Mwisho wa Desemba alistaafu, akaniachia kalamu. Jumatatu iliyofuata akaja uwanjani akiwa msafiri, kwenda kwa binti yake Oran. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Ukutani walisimama watu wengi kuliko nilivyowahi kuwaona, na alipofika kwangu alikuwa hana hata kidole kimoja cha kushika kanzu yake. Nikampandisha jukwaani na vifurushi vyote.

"Unaona ngapi?" akaniuliza.

"Shuka, Ami. Safari njema."

"Nimekufundisha vibaya." Lakini alikuwa anatabasamu. Akainama aangalie, kitambaa kikamzuia. Nikaandika namba yangu, nikampa Redouane karatasi.

Alipoweka mguu kwenye ngazi, nilitoa kifurushi kilichokuwa chini ya kiti changu, nikamwekea juu ya vile vingine. Tende za shamba letu, zile laini anazozipenda. Nilikuwa nimezipima nyumbani mara mbili.

Alishtuka, akaangalia mizani, akaniangalia mimi. "Messaoud, na hizi je?"

"Zimeshaandikwa, Ami."

Akakibana kifurushi kifuani kwa kidevu, akapanda. Ndege ilikimbia, ikainuka mapema, mbali kabisa na mawe meupe ya mwisho.