Mkono Usioshika Mwiko

Kila mwezi mpishi mmoja mstaafu wa shule huja maabara Bungoma, na kabla Nangila, anayemchukua damu ya kupima, hajavaa glavu, mpishi huwa ameshakunja sweta mkono wa kulia. Moshi wa kuni wa miaka thelathini ulimharibia mapafu. Daktari amemkataza kurudi kwake Cheptais, kule juu mlimani hewa iliko nyepesi, mpaka presha ya mapafu ishuke na damu ionyeshe moyo hausukumi kwa shida. Sindano ikiingia, yeye hutazama dirisha la upande wa mlima, akipumua kama anayepuliza jiko.

Leo Nangila alimsomea majibu. "Alama ya moyo kwenye damu imepanda tena, mama."

Mpishi akakunja sweta mkono wa kushoto, polepole.

"Si utoe kwa huu, msichana wangu. Huu haukuwa unashika mwiko. Labda moshi haukufika."