Ng'ombe wa Sindano

Jamani, aibu nimeziona nyingi, lakini ile ya kulala kifudifudi sebuleni kwangu, wazee wa pande mbili wamenizunguka, na mama mkwe mtarajiwa wa binti yangu amenikandamiza kalio kwa kiganja chake chote, hiyo bado haijapata mwenzake. Chekeni tu. Mke wangu hucheka hadi akae chini, na siku hizi hata mimi.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kiwanda kimeshatupunguza kazi, nami nimejishikiza Mabatini nauza suruali za mitumba. Nikaanza kukonda, usiku nalowa jasho, tumbo limejaa upande wa kushoto (kumbe ni bandama), nikaenda hospitali wakanitoa damu, wakaniita tena wakanitoa nyingine, mwisho daktari akaniambia ni kansa ya damu, ile inayokwenda polepole, vidonge vya kuishika vipo, ila nitakuwa napimwa damu kila mwezi, na mara mojamoja watachukua uboho, yaani ule ute wa ndani ya mfupa, waone kama vidonge vinafanya kazi. Na mnakumbuka miaka ile: mwanamume akikonda, halafu akaonekana kwenye foleni ya kupima damu, mtaa mzima umeshamtajia ugonjwa wake bila kumwuliza. Kwa hiyo mimi na Mama Minza tukanyamaza. Kila nikienda kupimwa, tulisema nimefuata mzigo.

Sasa Minza, binti yetu wa kwanza, alikuwa amepata mchumba, Shija wa Pasiansi, kijana mpole, wamependana kweli, na wazee wa Shija walikuwa wanakuja kuongea mahari. Hofu yetu ilikuwa moja: wakisikia baba anapimwa damu, watasema nyumba hii ina ule ugonjwa, watarudi walikotoka na Minza atabaki analia. Na bahati yangu ilivyo, siku ya mahari ikaangukia siku ya kutolewa uboho.

"Baba Minza, ahirisha kimoja," mke wangu akasema.

Mimi nikajifanya mjanja. Asubuhi hospitali, mchana mahari, nani atajua? (Ujanja huo ndio ulionifikisha kwenye kiganja cha watu.)

Uboho wanautoa kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, juu kidogo ya kalio. Kuna sindano ya ganzi, halafu ile sindano yenyewe, na wakivuta unahisi roho nayo inafuata. Walipomaliza, nesi akanibandika pamba na plasta akasema, "Mzee, lala chali hapa ukibane kidonda, usiondoke hadi nikuangalie, na leo usishike shughuli yoyote." Nikasema sawa, mwanangu. Alipogeuka tu, nikatafuta viatu. Nikafika nyumbani, nikavaa suruali ya krimu niliyoichomoa mwenyewe kwenye robota jipya la mitumba, maana nilitaka wakwe waone wanaoa kwa watu.

Kwetu siku ya mahari baba wa binti haongei. Anakaa, anatazamwa. Msemaji wetu alikuwa kaka yangu Masanja, mtu anayeweza kukuuzia ng'ombe wako mwenyewe, naye hakujua lolote kuhusu ugonjwa. Wageni husikiliza msemaji, lakini macho wanayaweka kwa baba: akitulia, mambo yanakwenda, akinuna, wanaongeza.

Walikuja Baba Shija, Mama Shija na mshenga wao. Mshenga akataja idadi ya kwanza ya ng'ombe, idadi ya heshima kabisa, ningeikubali hata usingizini, na hapo hapo ganzi ikaniaga. Nikaruka kwenye kochi nikasimama wima. Wageni wakatazamana.

"Basi, tunaongeza wawili," mshenga akasema.

Nikaona haya, nikakaa, lakini kwa kalio moja, hivyo nikawa nimewapa wageni ubavu (na mkwe hapewi ubavu). Mshenga akakohoa. "Na jike lenye ndama." Kaka Masanja akaniinamia sikioni: "Mdogo wangu, leo umekuwa mwanamume! Usilegeze!" Nikatamani nimwambie ni kidonda, lakini wote wananitazama, nikauma meno, na kule kuuma meno kukaleta dume jingine.

Mara Baba Shija akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mzee mwenzangu," akasema, "zizi letu si kubwa. Kama mtoto wetu hamumtaki, mngetuambia tusije." Akachukua kofia yake. Nyuma ya pazia nikamsikia Minza analia, amejibana mdomo na kanga asisikike. Moyo ukanipasuka. Nikasahau mila, nikawapita mbio nikauziba mlango kwa mikono, mgongo kwao, nikasema, "Wazee wangu, nawaomba msiondoke!"

Nikageuza shingo nione kama wamerudi kukaa. Suruali ya krimu ilikuwa nyekundu kutoka kiunoni hadi nyuma ya paja.

"Nani kamchoma kisu mdogo wangu?" kaka Masanja akapiga ukelele, akimkazia macho mshenga, na nusura mahari igeuke vita. Nikafungua mdomo nieleze, kizunguzungu kikanibeba, nikaenda chini. Aliyenifikia kwanza ni Mama Shija.

"Geuka."

"Mama, haifai, sisi ni wakwe..."

"Baba Minza, mficha uchi hazai. Geuka!"

Akavua kanga yake ya juu, akaikunja, akanikandamiza palepale. Nami, uso kwenye mkeka, nikasema yote: kansa, vidonge, sindano ya asubuhi, na kwamba haiambukizi wala Minza hakuirithi, daktari aliniambia kwa kinywa chake. Nikasubiri wabebe mizigo yao.

"Sisi tumekuja kuoa binti," Mama Shija akasema bila kulegeza mkono, "hatukuja kuoa damu ya baba yake."

Baba Shija akakaa tena. Akafikiri. "Ina maana wale ng'ombe wote wa nyongeza tuliwatoa kwa sababu ya sindano?"

"Ndiyo, mzee."

Akacheka hadi akajifuta machozi. "Mshenga, warudishe zizini!" Tukakubaliana kwa idadi ya kwanza, mimi nikiwa bado nimelala. Aliyeshindwa kucheka ni kaka Masanja peke yake, ambaye hadi leo huwataja ng'ombe wale kama marehemu.

Siku ya majibu nilimkuta Baba Shija kwenye benchi la hospitali, amekuja mwenyewe bila kuniambia. Tukaingia wote. Daktari akasema chembe nyeupe zimeshuka, uboho umetulia, vidonge vinafanya kazi yake, niendelee kuja kupimwa. Jamani, nilishusha pumzi, nikalia pale pale kwenye kiti, na sikuona haya hata kidogo.

"Na wewe, mzee, ni nani wake?" daktari akamwuliza mwenzangu.

Harusi ilikuwa bado. "Ndugu yake," Baba Shija akajibu. "Na mwezi ujao nitamleta mimi, maana huyu ni mtoro."

Basi nimeapa. Siku ya kupimwa mimi ni mgonjwa, nalala chali kama nilivyoagizwa, na anayeniuliza naumwa nini, namjibu.