Nyasi na Shimo la Kumi na Nne

Mdogo wangu, ambaye dunia nzima ilimwita Nyasi, alitunza uwanja wa gofu miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo adui yake alikuwa mmoja tu: shimo la kumi na nne. Mvua ikinyesha, pale panageuka bwawa. Mvua ikikatika, mwenyekiti wa klabu anamwita ofisini kumuuliza kwa nini. Alichimba mifereji saba. Naikumbuka yote saba, maana mimi ndiye niliyekuwa mpika chai wa klabu, na ni mimi niliyemmwagia maji nyuma ya jiko atoe matope.

Basi kamati ilipotangaza kwamba uwanja utapangwa upya wote na msanifu anatafutwa, Nyasi hakutulia tena.

"Dada, wakikosea kuchagua, nitalaumiwa mpaka kaburini."

"Huko si ndiko utakakofunikwa na majani yako mwenyewe? Kunywa chai."

Wasanifu walibaki wawili, na Nyasi ndiye aliyetumwa kuwatembeza. Wa kwanza alikuja na viatu vyeupe pee. Jikoni tukamwita Mtanashati. Kwenye shimo la kumi na nne hakushuka. Alirusha kidege chenye kamera, akasema ameona yote. Kisha akacheza na mwenyekiti, akashindwa kwa adabu kubwa, mwenyekiti akarudi anatembea kama bwana harusi.

Wa pili alikuwa mama mmoja mfupi, umri wa binti yangu. Alimuuliza Nyasi, "Mzee, maji yanapenda kukaa wapi?" Akavua viatu, akaingia topeni mpaka magotini, akawa anachomachoma na fimbo. Alipocheza na mwenyekiti alimshinda kwa mipigo tisa, wala hakuomba radhi.

"Tumekwisha," Nyasi akaniambia. "Mwanamke mwenye akili vile, angekubali kushindwa kidogo tu, angekufa?"

Siku ya kuamua, wanakamati saba walikaa kwenye meza ndefu. Mtanashati alikuwa ameweka katikati mfano wa uwanja, wa plasta, umepakwa kijani, miti midogo kama njiti. Pale kwenye shimo la kumi na nne alikuwa ameinua kilima kizuri. Mwenyekiti alikuwa akikipapasa kijumba cha klabu kama anapapasa paka. Mimi niliingia na jagi la maji, na Nyasi akaitwa aseme kama mashine zake zitapanda kile kilima.

"Zitapanda, mheshimiwa."

"Una neno lingine?"

Akameza mate. Namjua tangu anatambaa: akimeza mate vile, kaa mbali. Kabla sijasema hayo maji ni ya kunywa, alininyang'anya jagi akalimimina juu kabisa ya mfano.

Maji yakateremka, yakakikwepa kilima, yakashika kasi, yakaingia klabu kwa mlango wa mbele. Yakatokea upande wa pili mpaka mapajani mwa mwenyekiti.

Mjumbe mmoja mzee akainama, akavaa miwani. "Mwenyekiti, iliyofurika si ofisi yako hiyo?"

"Huu ni mfano tu, waheshimiwa," Mtanashati akasema.

"Suruali si mfano," mwenyekiti akajibu.

Wakamwita yule mama, aliyekuwa akisubiri barazani. "Na wewe maji utayapeleka wapi?"

"Siyapeleki popote. Yalikuwepo kabla yenu. Bwawa libaki, shimo ndilo lihame."

Mikono sita ikanyooka. Wa mwenyekiti ulikuwa bado unakamua suruali.

Mnadhani Nyasi alifurahi? Alikuja jikoni na uso wa mfiwa. "Mifereji saba, dada! Kumbe dawa ilikuwa kuliacha?"

"Ungeniuliza."

"Ungesemaje?"

"Ningesema chimba wa nane. Mimi najua chai."

Bwawa likajengewa kingo za mawe, likawekewa na viti. Masika yakapita, hakuna aliyemwita Nyasi ofisini, akaanza kunenepa. Kisha kikaja kiangazi kikali, na mwezi wa tatu wa jua mwenyekiti akamwita. Nikamfuata na sinia la chai, nisipitwe.

"Nyasi, bwawa letu linakauka. Kwa nini?"

Mdogo wangu akavuta kiti, akaketi bila kuambiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mle ndani.

"Hilo iulize mvua, mheshimiwa. Mimi nakata majani."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. Nikamimina vikombe viwili.