Mti Niliodhani Naujua

Nakumbuka kiangazi kimoja cha Juba, mwanangu, miaka ile ya mwanzo ya mkataba wa amani. Nilikuwa kijana fundi umeme kutoka Laikipia, na ujuaji ulinijaa hadi kooni. Nilipanga chumba mtaa wa Lemon Gaba, katika boma la mjane wa kabila la Wabari, Mama Poni. Jicho lake la kushoto lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, na mwanawe wa pekee, Wani, alikuwa amekufa vitani. Nilimtekea maji, nikamtengenezea paa, naye akaanza kuniita jena, yaani mwanangu. Nilijivuna, sikatai.

Nyasi zikaisha, mbuzi wake watatu wakabaki mifupa. Ukingoni mwa boma ulisimama mti wa kijani usio na majani, wenye miiba na matawi manene. Nikacheka! Kwetu, ukame ukizidi, watu huchoma miiba ya kaktasi na kuwapa mbuzi shina lake lenye maji.

"Hii watu hapana kata, jena," alisema.

"Mama, huu naujua tangu utotoni."

Aliniamini. Akashika tawi, mimi nikapiga panga. Utomvu mweupe ukamrukia jicho la kulia, lile zima.

"Iko na moto!" alilia.

Nami, Mungu anisamehe, nilimpa pembe ya shuka ajipanguse, nikaendelea kukata. Kaktasi ya kwetu hutoa maji tu. Mtungi ulikuwa hatua tano kutoka pale, na sikumwosha. Kesho yake jicho lilikuwa limevimba na kufunga. Zahanatini wakatuambia tumechelewa. Hakuona tena. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji wangu akapofuka.

Jirani yetu Mzee Pitia, aliyewahi kutunza bustani ya miche, alikuja kunikalisha chini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Hii mti si ndugu ya kaktasi yenu," alisema. "Ile ilitoka Amerika, hii ni ya hapa. Hapana babu moja. Jua kali ndiyo ilifundisha wote kazi moja, kuficha maji ndani na kuvaa miiba. Lakini hii iko na sumu. Wewe uliona sura, hukuuliza ukoo."

Mama Poni mwenyewe hakunilaumu. "Malesh, jena," alisema, yaani si kitu, "wewe hapana jua." Nililia kuliko nilivyomlilia baba yangu. Kazi zote za mwana nilikuwa nimezifanya katika boma lile, nikala sahani ya mwana, nikaitwa jina la mwana. Lakini Wani angeujua ule mti.

Basi sikia, mwanangu. Utakuta ugenini mti, chakula, hata desturi inayofanana na ya kwenu na kufanya kazi ile ile. Usiseme naijua. Kuuliza si ujinga. Mwenyeji akisema hapana, weka panga chini, hata kama anakupenda kiasi cha kukuachia ukate. Na ukimuumiza mtu, mwoshe kwanza, kujitetea kutasubiri.

Mungu akutangulie katika nchi za watu. Akuepushe na majuto ninayoamka nayo mimi, na yeyote atakayekuita mwanangu asijutie kukuamini.